MILKI, BEI NA AMANA
Je, maji na ardhi huhifadhika kwa kumilikiwa?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni Zake, aliyeiumba ardhi akaiwekea mizani, na akawakataza waja Wake kuiharibu baada ya Yeye kuitengeneza. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Ali zake na Sahaba zake. Ama baad:

Miongoni mwa masuala yanayoulizwa sana katika zama zetu ni hili: je, njia iliyo bora ya kuyahifadhi maji, malisho, miti na bahari ni kuwagawia watu wakavimiliki na kuvitia bei, ili kila mmoja atunze kilicho chake? Au ni kuviacha viwe vya watu wote, na dola ikavilinda? Wapo wasemao kuwa kisicho na mwenyewe hakina mlinzi, na kwamba mtu hakitunzi ila kile ambacho hasara yake itamrudia. Na wapo wasemao kuwa kukitia bei alichokiumba Mwenyezi Mungu ni kukitia mikononi mwa tajiri na kumfungia mlango maskini. Kila kundi limeshika kipande cha haki. Sharia imevikusanya vipande vyote viwili na kuvipangia mahali pake, kama itakavyobainika inshaallah.

BIBI HAJAR NA HAKI YA MAJI

Upo mtaa wa Al-Safa katika mji wa Jeddah, na upo mwingine wenye jina hilohilo katika mji wa Riyadh. Hapana Muislamu alisikiaye jina hilo asiyekumbuka kilima cha Safa, na mama aliyepanda na kushuka mara saba akimtafutia maji mwanawe. Kila mwenye kufanya umra hukipita kisa hicho kwa miguu yake. Lakini sehemu inayofuata ya kisa haitajwi sana, nayo imepokewa na Al-Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas.

Baada ya maji ya Zamzam kububujika, walipita watu wa kabila la Jurhum, wakamwona ndege anazunguka angani, wakajua kuwa pana maji katika bonde ambalo zamani halikuwa nayo. Walipofika walimkuta mama yake Ismail (a.s.) peke yake na mtoto. Wao walikuwa wengi na wenye nguvu, naye ni mwanamke asiye na wa kumtetea. Pamoja na hayo walimwomba ruhusa ya kukaa karibu naye. Akawaruhusu, kwa sharti kuwa hawatakuwa na haki katika maji yale. Wakakubali.

Katika mapatano hayo mafupi mna elimu kubwa. Bibi Hajar hakusema kuwa maji ni ya kila atakayefika, kwani lau angesema hivyo, mwenye ngamia wengi angeyatawala siku ya pili. Wala hakuwafukuza, kwani lau angewafukuza, bonde lingebaki na ukiwa wake, na yeye alikuwa akipenda kuwa na watu. Alithibitisha haki yake, kisha akafungua mlango wa manufaa. Haki bila ya kufungua mlango ni ubahili, na kufungua mlango bila ya haki ni fujo. Juu ya msingi huo, kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, ulisimama mji wa Makka.

FALAJI: MFANO WA MILKI INAYOHIFADHI

Atakaye kuuona msingi huo ukifanya kazi karne baada ya karne, na azitazame falaji za Omani. Falaji ni mfereji unaoyatoa maji chini ya mlima, wakati mwingine kwa masafa ya kilomita nyingi, na kuyaleta mashambani kwa mteremko mtupu, bila ya mashine. Ziko zaidi ya 3,000 zinazotiririka hadi leo, na tano kati yao, zikiwemo Daris ya Nizwa na Al-Khatmain ya Birkat al-Mauz, ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006.

Yapo mambo mengi ya kustaajabisha katika falaji, lakini linalotuhusu hapa ni mpangilio wa haki zake. Maji hugawanywa kwa zamu. Mafungu yake yana majina, na maarufu kati yao ni athar, ambayo kwa kawaida ni kiasi cha nusu saa ya mtiririko. Fungu hilo ni mali: hurithiwa, huuzwa, hukodishwa, na huwekwa waqfu. Falaji ina wakili wake anayeisimamia, ana arifu anayeangalia zamu, na ana dalali anayenadi maji. Katika falaji nyingi yapo mafungu yasiyo ya mtu, bali ni ya falaji yenyewe. Hayo hunadiwa, na fedha zake hutumika kuzibua mfereji na kujenga palipobomoka. Katika mwaka wa ukame bei ya mnada hupanda, na mkulima hutafakari kabla ya kununua: je, mtende huu unastahiki maji haya, au yale majani ya mifugo yangojee? Hapo bei inafanya kazi njema, kwani inamkumbusha mtu uchache wa neema kabla neema haijaisha.

Lakini tazama tena. Pale maji yanapotoka chini ya ardhi, kabla ya kufika katika shamba lolote, pana mahali pa kuteka maji ya kunywa, na hapo hapana zamu wala mnada. Tajiri na mpita njia huteka sawasawa. Kisha maji hupita msikitini na mahali pa kuogea, na baada ya hapo ndipo mafungu ya watu yanapoanza kuhesabiwa. Wazee wetu walijua kuwa Mtume (S.A.W.) amewafanya watu kuwa washirika katika maji, malisho na moto, na kwamba amekataza kumnyima mtu maji yaliyozidi haja. Kwa hiyo waliyauza maji ya mitende, hawakuyauza maji ya kiu.

Isitoshe, waliiwekea falaji harimu, yaani eneo la kuihifadhi, ambalo ndani yake haruhusiwi mtu kuchimba kisima kikavuta maji ya chanzo chake, hata kama ardhi ni yake. Wanavyuoni wa Kiibadhi waliyatilia mambo haya umuhimu mkubwa, hata Sheikh Abul-Abbas Ahmad bin Muhammad bin Bakr An-Nafusi, aliyefariki mwaka 504 wa Hijria, akatunga kitabu kizima juu ya mgawanyo wa ardhi, akaeleza humo haki za njia, mifereji, miti na majirani. Pampu za dizeli zilipoenea Omani katika nusu ya pili ya karne iliyopita, falaji zilizodhurika ni zile ambazo visima vya karibu viliyafyonza maji yake. Ndipo mwaka 1988 ikatolewa amri ya kifalme kuyafanya maji kuwa hazina ya taifa, na uchimbaji wa visima ukatiwa katika sharti za ruhusa. Mwenye kisima alikuwa na milki ya ardhi, ila hakuwa na ruhusa ya kuikausha milki ya wengine.

HIMAA NA KILIO CHA MWENYE KONDOO WACHACHE

Neno himaya analijua kila msemaji wa Kiswahili, na shina lake ni himaa, yaani malisho yaliyozuiwa ili yahifadhike. Katika zama za ujahili, mkubwa wa kabila alijizuilia malisho mazuri kwa ajili ya wanyama wake, na juu ya hapo akashirikiana na watu katika malisho yao yaliyobaki. Mtume (S.A.W.) alilibatilisha hilo, akaifanya himaa kuwa ya Mwenyezi Mungu na Mtume Wake tu, maana yake kwa maslaha ya watu wote, naye akaizuia An-Naqi' kwa ajili ya farasi wa Waislamu.

Kisha akaja Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.), akamweka mtumwa wake aliyemwacha huru, aliyeitwa Hunayy, kuisimamia himaa. Wasia aliompa umepokewa katika Sahihi ya Al-Bukhari, nao unafaa kusomwa na kila mwenye kusimamia msitu au bahari. Alimwamuru awe mpole kwa watu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Alimwamuru amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Abdul-Rahman bin Awf na Uthman bin Affan. Akaeleza sababu: hao wawili, mifugo yao ikifa, watarejea kwenye mitende na mashamba yao, ama maskini, mifugo yake ikifa, atakuja na watoto wake kumlilia Khalifa. Na kumpa maji na majani ni wepesi zaidi kuliko kumpa dhahabu na fedha. Juu ya hayo, Umar alikiri kuwa watu wa nchi ile wanaona wamedhulumiwa, kwani ni ardhi yao waliyoipigania zama za ujahili, kisha wakasilimu wakiwa juu yake.

Hapana hukumu ya uhifadhi iliyo kamili kuliko hii. Malisho yanalindwa. Aliyezuiwa ni mwenye nguvu, naye si mtu mbaya bali ni mbora wa watu. Aliyeruhusiwa ni dhaifu. Na mwenye kutoa hukumu hajidanganyi kuwa haki ya wenyeji imekwisha. Lau himaa ile ingewekewa ada kwa kila kichwa cha mnyama, ada iliyo sawa kwa wote, wangeingia wale wawili na angezuiwa mwenye kondoo wachache, na majani yangehifadhika vilevile. Bei ingelinda majani isimlinde mtu.

Himaa za makabila ziliendelea kuwapo katika Bara Arabu, khasa katika milima ya Taif na Asir. Kijiji kilijua mipaka ya himaa yake, wakati wa kuifungua, nani akate majani na kwa siku ngapi, na faini ya mwenye kuvunja. Mwaka 1953 ilitolewa amri ya kufungua malisho kwa wafugaji wote, na nia yake ilikuwa kuondoa ugomvi na kuwafungulia watu riziki. Lakini himaa zilipokosa wenyewe wa kuzisimamia, nyingi zilipotea. Malori yakaja na matangi ya maji, na shayiri ya bei nafuu ikaongeza idadi ya mifugo kuliko majani yanavyoweza kubeba, na milima iliyokuwa na miti ikabaki na mawe. Katika miaka ya 1960 Omar Draz, mtaalamu wa malisho kutoka Misri, alizichunguza himaa zilizobaki, akaona kuwa utaratibu wa wazee ulikuwa umehifadhi kile ambacho ardhi ya jirani ilikwisha kukipoteza.

Basi wasemao kuwa kisicho na mwenyewe hakina mlinzi wamesema kweli. Ila mwenyewe si lazima awe mtu mmoja mwenye hati. Kijiji ni mwenyewe, waqfu ni mwenyewe, na himaa yenye msimamizi mwadilifu ina mwenyewe.

BEI ILIYOPOTOKA

Ikiwa bei ni ukumbusho, basi bei ya uongo ni usahaulifu. Katika miaka ya 1980 Serikali ya Saudia iliwanunulia wakulima ngano kwa bei iliyozidi mara kadhaa bei ya soko la dunia, kwa nia njema ya kuitosheleza nchi kwa chakula. Mwaka 1992 mavuno yalifika kiasi cha tani milioni 4, na nchi ya jangwa ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano duniani. Lakini maji yaliyonywesha ngano ile yalitoka chini sana ardhini, yakiwa yamekusanyika kwa maelfu ya miaka, na mvua ya leo haiwezi kuyarudisha. Mkulima alilipia pampu na mafuta. Maji yenyewe hayakuwa na bei, kwa hiyo hayakuhesabiwa. Mwaka 2008 Serikali iliamua kupunguza ununuzi wake wa ngano ya ndani kwa asilimia 12.5 kila mwaka, kwa ajili ya kuyaokoa maji hayo.

Hili si la kulaumu watu, bali ni la kuzingatia. Soko halikupotoka lenyewe. Lilifuata bei iliyowekwa, kama maji yanavyofuata mfereji. Mwenye kutaka kuhifadhi kwa njia ya soko na aanze kwa kuondoa bei zinazolipa uharibifu, kabla ya kutunga bei za kulipa uhifadhi.

HATI HAIONDOI HARIMU

Mnamo tarehe 25 Novemba 2009, sawa na mwezi 8 Dhulhija 1430, mahujaji wakiwa wanaelekea Mina, mvua kubwa iliupiga mji wa Jeddah. Maji yalishuka kutoka milimani mashariki mwa mji, yakafuata mabonde yao ya zamani, yakakuta nyumba katika mabonde hayo. Watu zaidi ya mia moja walifariki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Katika uchunguzi uliofuata, jambo kubwa lililoulizwa lilikuwa: mapito ya maji yaligeukaje kuwa viwanja?

Wanavyuoni walilijibu jambo hili zamani. Ardhi mfu humilikiwa na mwenye kuihuisha, lakini njia ya watu, mapito ya bonde, malisho ya kijiji na harimu ya kisima si ardhi mfu, hata zikionekana tupu. Bonde kavu ni mali ya mafuriko yatakayokuja, na ukavu wa miaka 20 si ushahidi wa kuwa maji yamelisamehe. Anayeuza kiwanja katika pito la maji ameuza kisicho chake, hata kama mkononi ana karatasi yenye muhuri. Soko la ardhi likikosa harimu, humlipa mtu kwa kumjengea mwenziwe kaburi.

UTARATIBU WA KUHIMIZA

Atauliza mtu: je, inajuzu kumlipa mtu ili aache kudhuru? Si wajibu wake kuacha bila ya malipo? Jawabu lipo katika kisa cha Samura bin Jundub, kilichopokewa na Abu Daud. Alikuwa na mtende ndani ya bustani ya mtu wa Ansari, na kuingia kwake kulimuudhi mwenye bustani na ahali zake. Mtume (S.A.W.) alimtaka auze, akakataa. Akamtaka abadilishane na mtende mahali pengine, akakataa. Akamtaka atoe zawadi na apate malipo kwa Mwenyezi Mungu, akakataa. Hapo ndipo Mtume (S.A.W.) alipomhukumu kuwa ni mwenye kudhuru, na akamwamuru yule Ansari aung'oe mtende. Tazama mpango wake: kwanza bei, kisha badala, kisha thawabu, na mwisho hukumu. Hakuanza na nguvu, wala hakuiacha dhara idumu kwa kuwa mwenye mali hakuridhika na bei.

Mifano ya upole huo ipo katika bahari yetu. Kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994 na kukabidhiwa kampuni binafsi. Ada za wageni ndizo zinazolipa walinzi wa matumbawe na masomo ya watoto wa skuli, na walinzi wa mwanzo walitokana na wavuvi wenyewe. Kisiwa cha Misali, upande wa magharibi wa Pemba, kilifanywa eneo la hifadhi mwaka 1998. Huko wavuvi hawakufukuzwa. Sehemu ndogo ilifungwa, sehemu kubwa ikaachwa kwa uvuvi usioharibu, na ada za wageni zikapangwa zifike vijijini pia. Wavuvi walikumbushwa kwa aya za Qur'ani kuwa bahari ni amana, na ukumbusho huo uliingia nyoyoni pale ambapo amri tupu ilikuwa haijaingia. Fedha zilimwezesha mvuvi kuacha baruti na nyavu za kukokota, na imani ikampa sababu ya kuacha hata pale mgeni asipokuja na ada isipolipwa. Kwani uhifadhi uliosimama juu ya ada peke yake huanguka siku ada inapokatika.

WAJIBU WA ANAYEKAA MBALI

Familia nyingi za Ghuba zina shamba au kiwanja Unguja, Pemba, Mombasa au Lamu, kilichorithiwa au kununuliwa kwa jasho la ugenini. Humo ndimo suala hili linapomfikia kila mtu katika nyumba yake. Sayyidna Umar (r.a.) alimnyang'anya Bilal bin Al-Harith sehemu ya ardhi ya Al-Aqiq aliyoshindwa kuilima, ingawa alikuwa amepewa na Mtume (S.A.W.). Wanavyuoni wametofautisha kati ya ardhi ya kukatiwa namna hiyo na ardhi iliyonunuliwa, kwani ya kununua haimtoki mtu kwa kuiacha. Hukumu ya kadhi inaishia hapo, lakini hesabu ya Akhera haiishii hapo. Mwenye kununua shamba la mikarafuu akaliacha liingie magugu miaka kumi akingoja bei ya kiwanja ipande, au akaruhusu mchanga wake uchukuliwe hadi kisima cha jirani kikaingia chumvi, ana hati sahihi na ana dhima nzito.

Na anayekaa Al-Safa akafungua bomba, akumbuke kuwa sehemu kubwa ya maji yake yametolewa chumvi kutoka baharini kwa nishati na gharama kubwa. Mwanzo wa mwaka 2016 bei ya maji ya mijini ilipandishwa ili watu wapunguze israfu, na hilo ni jambo lenye maslaha. Lakini bei humzuia asiye nacho kabla ya kumzuia mwenye nacho. Tajiri hulipa na kuendelea. Kinachomzuia tajiri ni kujua kuwa kulipa si ruhusa ya kupoteza, na kwamba ataulizwa juu ya neema aliyoilipia kama atakavyoulizwa juu ya neema aliyopewa bure.

Muhtasari wa jawabu ni huu. Milki inajuzu na inasaidia, maadamu imefungamana na utunzaji. Bei inajuzu na inakumbusha, maadamu ni ya kweli na imeanza baada ya kiu ya mwenye kiu kuondolewa. Harimu iko juu ya hati. Na katika kila kinachozuiwa, atazamwe kwanza yule ambaye mifugo yake ikifa hana mitende ya kurejea. Kila mwenye mali ni wakili tu, na Mwenye mali hasa ni Mwenyezi Mungu, ambaye hapana mnada katika hesabu Yake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kutengeneza katika ardhi, wala asitujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuharibu. Wabillahi tawfiq.